Cricket 07: Maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wachezaji wa Mwanza

Majibu haya ni kwa mtu anayecheza Cricket 07, gemu ya kriketi, kwenye PS2 au kompyuta ya zamani, awe Nyegezi, Igoma au Kirumba. Msimamo wetu tunautanguliza ili usisome kwa kubahatisha: kupiga mpira kwenye gemu hii ni kutamu, lakini kompyuta ni mpinzani mbovu. Cheza na mtu.

Hii ni gemu gani hasa, na mbona bado inachezwa?

Ni EA Sports Cricket 07, iliyotoka Novemba 2006 kwa PS2 na Windows. Iliyoitengeneza ni HB Studios ya Kanada. Ilitolewa kwenda sambamba na Ashes ya 2006–07, ule mfululizo wa Australia na Uingereza ambao Australia iliumaliza kwa 5–0.

Umri wake unaonekana. IPL, ile ligi ya kriketi ya India, ilianza 2008, kwa hiyo humo haimo. Mfumo wa kupinga uamuzi kwa marudio ya video ulianza kujaribiwa kwenye Test (mechi za siku tano za timu za taifa) mwaka huohuo wa 2008, kwa hiyo nao haumo. Mwamuzi akinyoosha kidole umetoka, hata kama mpira ulikuwa unaelekea Ukerewe.

Inachezwa bado kwa sababu haidai mashine ya bei. Kompyuta ya ofisini iliyochoka, isiyo na kadi ya grafiksi ya peke yake, inaibeba bila taabu, na PS2 bado zimo majumbani. Ukiniuliza sababu ya pili, nitakuambia ni stiki ya kulia. Tutafika.

Sijui kriketi kabisa. Nijue nini kabla ya kushika padi?

Kidogo tu. Timu moja inapiga, nyingine inarusha na kudaka. Pichi ina urefu wa mita 20.12, na kila mwisho kuna wiketi ya vijiti vitatu. Ova moja ni mipira sita halali. Wapigaji wawili wakibadilishana ncha za pichi ni mkimbio mmoja. Mpira ukifika mpakani kwa kudunda ni minne, ukivuka hewani ni sita. Mpigaji hutoka akidakwa, vijiti vikigongwa na mpira uliorushwa, akishindwa kufika kabla vijiti havijavunjwa, au mguu wake ukizuia mpira ambao ungegonga vijiti. Wakitoka kumi, zamu imekwisha.

Jambo moja la kukariri: kwa mpigaji wa mkono wa kulia, upande ulio mbele ya kifua chake tutauita upande wa gongo (kibao cha kupigia, si ile ya kunywa), na ulio nyuma ya mgongo wake tutauita upande wa miguu. Majibu yote yanayofuata yanategemea hapo.

Uzuri wake mkubwa ni upi?

Namna ya kupiga. Gemu nyingi za kriketi za wakati ule zilikutaka ubonyeze kitufe na kuelekeza mshale. Kompyuta ikaamua mengine. Hapa stiki ya kushoto ndiyo miguu na stiki ya kulia ndiyo gongo. Unaamua kwanza kwenda mbele au kurudi nyuma, kisha unaamua mpira uende wapi. Vitufe vya juu ya padi ndivyo vinavyobadilisha nguvu, au kuupaisha mpira badala ya kuusukuma chini.

Kwa vitendo inakwenda hivi:

1. Mrushaji anapokimbia, weka kidole gumba cha kulia juu ya stiki bila kuisukuma. Wengi huharibu hapa: wanaanza kusukuma mpira haujatoka mkononi.
2. Tazama duara linaloonyesha mpira utadundia wapi. Likiwa karibu na mpigaji, mpira ni mrefu: peleka mguu mbele. Likiwa mbali naye, mpira ni mfupi na utapanda: rudisha mguu nyuma.
3. Sasa tazama upande. Mpira mrefu ulio nje upande wa gongo upige upande huohuo, chini. Mpira mrefu ulio kwenye vijiti urudishe ulikotoka. Mpira mfupi unaokuja mwilini uvute upande wa miguu.
4. Sukuma stiki mara moja, hadi mwisho, uiachie. Kuibembeleza kunaleta pigo legelege.

Siri ni hatua ya 3. Anayelazimisha mpira wa upande wa gongo uende upande wa miguu atapata sita moja, kisha atadakwa mara tatu. Ndivyo kriketi yenyewe ilivyo, na ndiyo sababu tunaisifu gemu hii: inakufundisha kitu cha kweli bila kukupa darasa.

Kila nikipiga nadakwa. Nakosea wapi?

Angalia mpira ulikokwenda, utakuambia. Ukiwahi, gongo linapita kabla mpira haujafika vizuri, na mpira unapaa au unakwenda zaidi upande wa miguu kuliko ulivyotaka. Ukichelewa, unagusa ukingo na kwenda nyuma upande wa gongo, kwa mdakaji aliye nyuma ya wiketi au wale wanaosimama kando yake.

Kosa la pili ni haraka. Kila mpigaji ana kipimo cha kujiamini kinachopanda anavyopata mikimbio. Akiingia kipo chini, na pigo lilelile ambalo baadaye litavuka mpaka, sasa linaishia mikononi mwa mtu. Mipira sita ya kwanza usipaishe kitu. Sukuma chini, chukua mmojammoja, zuia unaoelekea vijitini. Kwenye mechi ya ova 5 huna nafasi ya subira hiyo, basi punguza iwe mipira miwili mitatu.

Kosa la tatu wala si lako. Ni la TV. Soma swali linalofuata.

Kwenye TV ya chogo nilikuwa napiga vizuri, nimenunua flati nimekuwa bubu. Kwa nini?

TV bapa huchukua muda kuichakata picha kabla ya kuionyesha. TV ya chogo huionyesha papo hapo. Kwenye gemu ya mpira wa miguu unaweza usigundue, maana pasi ina nafasi ya kusamehewa. Mpira wa kriketi wa kasi unahitaji usukume stiki ndani ya kipande kidogo sana cha sekunde, na TV ikishakula kipande hicho, unachokiona kimeshapita.

Dalili yake: unachelewa kila mpira wa kasi, lakini mipira ya polepole ya kuzunguka unaipiga sawasawa. Tiba, kwa kufuatana:

Fungua mipangilio ya picha ya TV uchague hali ya gemu. Zima kila kitu kinachojidai kulainisha mwendo au kusafisha picha. Kama PS2 inapitia kile kiboksi cha bei rahisi cha kugeuza AV kuwa HDMI, kitoe. Chomeka waya za AV, ile njano, nyeupe na nyekundu, moja kwa moja kwenye TV kama ina matundu yake. Bado? Tafuta chogo. Mafundi wa TV wengi wanayo moja imekaa kona ikila vumbi, na kwa kriketi inaishinda flati ya inchi 43.

Padi ya kawaida inatosha?

Inatosha ikiwa stiki zake mbili ni nzima. Padi za kuiga zina stiki ambazo baada ya muda hazirudi katikati. Utaona mpigaji anaenda mbele mwenyewe, au mpira unaoulenga mbele unakwenda kando. Kabla ya kulipa, sukuma kila stiki pande nne na kuiachia: ikirudi kwa kulegea, rudisha kwa muuzaji. Kwenye kompyuta, kibodi inaweza kucheza, ila ladha yote ya miguu na gongo kutenganishwa inapotea. Nunua padi ya USB yenye stiki mbili hata kama ni ya mtumba.

Kurusha mpira kukoje?

Kuzuri, si kama kupiga. Unachagua aina ya mpira, unasogeza duara pa kudundia, kisha unakimbizana na mstari wa nguvu: ukiusimamisha mapema mpira ni laini, ukiupitiliza ni mpira haramu, mpinzani anapata mkimbio wa bure na wewe unaurudia. Usikimbilie ukingo wa mwisho kila mara. Robo tatu ya mstari inatosha kwa mrushaji wa kasi. Tamaa ya kuufikisha mwisho ndiyo inayojaza mipira haramu kwenye ubao.

Mpango wa ova moja unaofanya kazi: mipira minne ya kwanza idundie mita 6 hadi 8 kutoka kwenye wiketi, nje kidogo upande wa gongo, mahali palepale. Mpigaji akizoea kunyoosha mkono nje, wa tano uingize kwenye vijiti. Wa sita uupeleke kwenye vidole vya miguu yake, chini kabisa. Hata ukimkosa, hatakupiga sita.

Kuna kasoro hapa ambayo wanaocheza wawili lazima waijue: duara linaonekana kwenye skrini moja, kwa hiyo mpinzani wako anaona unakolenga. Dawa ni kulisogeza mwanzo mahali pa uongo, kisha kulihamishia pa kweli mrushaji akiwa hatua mbili tatu za mwisho. Inachukua jioni moja kuizoea.

Udhaifu wake mkubwa ni upi?

Kompyuta. Na hapa tutakaa, kwa sababu ndipo watu wanapoichoka gemu wakidhani kriketi ndiyo mbaya.

Kwanza, kompyuta haijui kusubiri. Kwenye mechi ya Test mpigaji wa kweli anaweza kukaa saa nzima akizuia. Kompyuta inapiga kana kwamba imebakiwa na ova mbili, inatoka timu nzima mapema, na mechi ya siku tano inakwisha siku ya pili au ya tatu. Hakuna kiwango cha ugumu kinachoponya hili kabisa. Kiwango cha juu kinaifanya ipige vizuri zaidi, si kwa akili zaidi.

Pili, inakimbia ovyo. Utaona wapigaji wake wawili wakiitana kwa mkimbio ambao haupo, na unapata wiketi ya bure, yaani mpigaji mmoja anatoka bila jasho lako. Ukishinda hivyo mara tano, ushindi hauna chumvi.

Tatu, haisomi. Ukigundua pigo moja linalokwenda, kwa mfano kutoka mbele na kupaisha juu ya vichwa vya wadakaji wa karibu, haiwahamishi wadakaji kwa haraka kuliziba. Mtu aliyekaa mbele ya skrini angekuwekea wawili mpakani baada ya mpira wa pili.

Hivyo kwa anayecheza peke yake tunapendekeza ajifunge sheria zake: asirudie pigo la kupaisha mara mbili mfululizo, asipaishe kabisa ova mbili za mwanzo, na mrushaji mmoja asirushe zaidi ya ova mbili kabla ya kupumzishwa. Ni kujidanganya kidogo, ndiyo. Lakini gemu inarudi kuwa na kazi.

Kasoro nyingine ndogondogo?

Wadakaji wakiachiwa kompyuta huchelewa kuanza kukimbia, halafu hurusha kwenye ncha isiyo na mkimbiaji. Nyuso za wachezaji zinafanana kama za ndugu. Watangazaji ni Mark Nicholas na marehemu Richie Benaud. Sauti za dhahabu, ila sentensi zao ni chache na kufikia ova ya kumi utakuwa unazimalizia wewe. Mtandao sahau, ni kukaa pamoja au basi.

Mbona majina ya wachezaji ni ya ajabu? Na Tanzania iko wapi?

Majina ni suala la leseni. Uingereza na Australia zilikuwa na mkataba, ndiyo maana zina jezi na majina yao. Timu ambazo hazikulipiwa zilipewa majina yaliyopindwa ili anayejua atambue na mwanasheria asiweze kusema kitu.

Tanzania haimo. Si dharau ya gemu hii peke yake. Kwenye Kombe la Dunia la 1975 tulikuwa sehemu ya timu ya pamoja ya Afrika Mashariki, na tangu hapo timu ya wakubwa haijarudi. Kenya ilifika nusu fainali mwaka 2003, Uganda ikacheza Kombe la Dunia la T20 (mechi za ova 20 kila upande) la 2024 na kuifunga Papua New Guinea, na vijana wetu wa chini ya miaka 19 walifuzu Kombe la Dunia la 2026 la Zimbabwe na Namibia. Haya ya Uganda na ya vijana wetu yamekuja gemu imeshazeeka.

Unaweza kuitengeneza mwenyewe. Chagua timu ya ligi za ndani ya nchi usiyoitumia, badili majina mmojammoja, gawa uwezo kwa haki (usimpe kila mtu alama za juu, utaichoka kwa siku mbili), kisha hifadhi kama orodha mpya, usiandike juu ya ile ya awali.

Kwenye kompyuta inagoma kufunguka. Nifanyeje?

Gemu haiuzwi mpya tena, kwa hiyo utakuwa na diski ya mtumba. Mambo yanayokwama ni haya:

Ikilalamika faili linaloanza na d3dx9 halipo, kompyuta yako haina maktaba za DirectX 9. Windows 10 na 11 haziji nazo zote. Weka kifurushi cha Microsoft cha Juni 2010; kuweka faili mojamoja kutoka tovuti za mitaani ni kukaribisha virusi.

Ikifunguka na kujifunga, bofya kulia kwenye faili la kuanzishia, chagua iende kwa hali ya Windows XP na kwa ruhusa ya msimamizi. Kuna pia suala la kinga ya diski: baadhi ya kinga za miaka ile zimeondolewa kabisa kwenye Windows mpya, na diski halali itakataliwa bila kosa lako. Hapo kompyuta ya zamani yenye Windows XP au 7 ndiyo suluhisho rahisi kuliko yote, na mitumba yake ni ya bei ya chini.

Usiiweke gemu ndani ya Program Files. Windows huzuia programu kuandika humo, na marekebisho yako hayatashika. Tengeneza folda moja kwa moja kwenye diski, kwa mfano C:\Gemu. Orodha za timu zenyewe hukaa kwenye Documents, ndani ya folda ya Cricket 07, zikiwa na mwisho wa .ros. Kabla ya kugusa chochote, nakili folda hiyo nzima kwenye flashi.

Picha ikivutika na wachezaji kuwa wanene, skrini yako ni pana na gemu ni ya enzi za 4:3. Weka kadi ya picha ionyeshe kwa uwiano wa asili, ukubali mistari mieusi pembeni.

Umeme ukikatika katikati ya mechi?

Mechi imekwenda, isipokuwa ulihifadhi. Hatari zaidi ni umeme kukatika wakati memori kadi inaandika, kwani faili linaweza kuharibika na msimu mzima ukapotea. Kadi ya PS2 ni MB 8 tu, lakini nunua mbili: hifadhi kwenye ya kwanza mwisho wa kila mechi, na nakili kwenye ya pili mara moja kwa wiki. Kama umeme unacheza, usianze mechi ya ova 50. Ukirudi, subiri dakika tano kabla ya kuwasha, maana ule mshtuko wa kwanza ndio unaochoma vifaa.

Nina kibanda cha gemu. Inalipa kuiweka?

Piga hesabu ya muda. Ukiruka marudio, mpira mmoja unachukua kama sekunde 20. Mechi ya ova 5 kila upande ni mipira 60, yaani dakika 20 hivi. Ova 10 ni dakika 40. T20 ni mipira 240, dakika 80. Test kamili ya ova 450 ni mipira 2,700, saa 15. Mteja wa hivyo mpangishe chumba.

Anayetoza kwa mechi aweke ova 5 tu, la sivyo padi itakaliwa na wawili huku wenzao wamepanga foleni hadi barabarani. Anayetoza kwa saa aruhusu ova 10. Andika sheria ukutani: marudio yanarukwa, muda ukiisha ubao uliopo ndio matokeo, na stiki ikivunjwa kwa hasira inalipwa. Stiki za kulia huisha kwanza, kwa hiyo weka padi moja ya akiba kwa kila mashine.

Mbadala upo?

Upo. Mwenye PS4 atazame Cricket 24 ya Big Ant Studios ya Melbourne, iliyotoka Oktoba 2023: ina wanaume na wanawake, na unaweza kupakua timu zilizotengenezwa na wachezaji wengine, jambo linalomaliza kilio cha Tanzania kutokuwemo. Inahitaji nafasi kubwa na bando la kutosha kwa marekebisho yake, kwa hiyo usianze kuipakua kwa bando la siku.

Kwenye simu kuna Real Cricket na World Cricket Championship, zote za India na za bure kuanzia. Kupiga ni kwa kidole juu ya skrini, kwa hiyo ladha ya stiki mbili huipati. Matangazo ni mengi. Ukizima data kabla ya kufungua baadhi ya mechi zitaendelea, lakini zawadi za kila siku hutazipata.